Picha Nilizomficha Shangazi

Fundi alipobandua mgongo wa simu, harufu ya karafuu ilitoka. Ilikuwa kidogo tu, harufu kuukuu, imechanganyika na ya betri iliyovimba, lakini niliijua palepale. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda chake mjini Tanga, nimeegemea kioo cha meza yake, na nusura nimwambie arudishie kile kifuniko haraka kabla haijaisha. Yeye wala hakunusa kitu. Alipuliza vumbi, akachokonoa betri kwa ukucha, akasema, "Dada, hii simu ni marehemu." Nikamjibu kwamba mwenyewe pia ni marehemu, na mke wa mwenyewe ni marehemu, kwa hiyo asinichekeshe. Mimi nilitaka picha zilizomo, basi.

Kijana wa watu aliona haya, akaniomba radhi. Akasema nimpe muda aitafutie betri nyingine, huenda ikaamka, kisha ahamishie picha kwenye kompyuta yake. Nikakaa kwenye stuli ya plastiki na kile kifuniko mkononi. Nilipoona hanitazami nilikipeleka puani, na nikiwa mtu mzima na akili zangu timamu, nikarudi mtaa wa Makorora nikiwa mtoto wa darasa la nne.

Mzee Mbaruku, mume wa shangazi yangu Mwanakombo, hakuwa mtu wa kutembea bila karafuu. Alizitia mfuko wa shati pamoja na simu, akawa anatafuna siku nzima ili kuua harufu ya sigara ambazo mkewe aliamini ameziacha. Alikuwa fundi baiskeli, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yao pale Makorora. Palikuwa na sanduku la spana, beseni la maji la kutafutia pancha, na furushi la pamba chafu ya kufutia mikono. Juu ya baraza uliningʼinia waya wa taa usio na balbu. "Kesho, Mwanakombo, kesho nitaitia," ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa, hata ikawa utani wa nyumba nzima. Ukimwomba mtu kitu pale na hataki kukupa, alikwambia kesho atatia balbu. Mzee akafa balbu haijatiwa.

Mimi nilipelekwa kwa likizo ya mwezi wa sita, shangazi akiwa katikati ya eda. Eda, kwa msioijua, ni miezi minne na siku kumi ambazo mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa ndani. Hajipambi, hajifukizi udi, hapaki hina, hatoki ila kwa dharura. Msimamizi wa eda ile alikuwa wifi yake, Bi Zuhura, dada wa marehemu, mwanamke aliyeijua dini kiasi na mila kupita kiasi. Yaliyokatazwa na dini aliyakataza, na yaliyokatazwa na bibi zake aliyaongezea juu. Kioo cha kabati alikifunika shuka. Pazia la dirisha la chumba chake linalotazama barazani, lenye maua ya njano, aliamuru lisifunuliwe mchana, maana njiani hupita wanaume. Siku niliyofika aliniketisha kitako akanisomea sheria zote: shangazi yako asionwe na mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye ndugu yake wa damu, wala yeye asimwone. "Wewe ndiye mlango," aliniambia. "Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Baba ndiye aliyenituma. Kwetu Maramba tulikuwa watoto wengi na mama alikuwa na kichanga. Baba aliniita nyuma ya nyumba, akawa anachambua kucha zake kama mtu mwenye haya, akasema, "Shangazi yako hali. Nenda ukakae naye, ale. Wewe si msumbufu." Nilijua maana yake. Dada zangu wakubwa walikuwa na kazi za kumsaidia mama, wadogo walikuwa wadogo mno, na mimi nilikuwa wa katikati, wa kuondoka na nyumba isitambue. Nilipanda gari la Tanga nimekumbatia mfuko wa nguo, na hakuna aliyelia kuniaga. Hilo liliniuma, nasema kweli, na mpaka leo likinijia linauma.

Makorora ina watoto wengi kuliko kunguru, na kunguru wenyewe si haba. Lakini sikupata hata mmoja wa kucheza naye. Waliniuliza kama Maramba kuna umeme, wakaigiza ninavyotamka maneno, wakacheka, wakaenda zao. Nami sikuruhusiwa kuvuka ukingo wa baraza kwa sababu nilikuwa mlango. Bi Zuhura alikuja asubuhi, akapika, akafoka, akarudi kwake. Nyumba ikabaki na mimi na shangazi, na shangazi alikuwa haongei. Alikaa kwenye mkeka chumbani mwake, mgongo ukutani, kanga mbili zilizopauka, akitazama miguu yake. Simu ya marehemu ilikuwa juu ya mto wake wa kulalia. Ikilia niliipokea mimi, nikasema, "Shikamoo, shangazi hajambo, amelala," hata kama alikuwa macho kabisa ananitazama.

Na kweli alikuwa hali. Bi Zuhura alipika bada jeupe, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki wa nazi ambao ungemwamsha aliyezimia. Shangazi alibonyeza bada kwa kidole, akalisogeza kwangu. "Kula, mama," alinong'ona. Nikala. Chakula chake nikala na changu nikala, nikawa nanenepa kwa msiba wa watu, na yeye mifupa ya mabega ikawa inahesabika juu ya kanga. Niliogopa sana. Kwa akili zangu, mtu asipokula anakufa, na akifa shangazi nitakuwa mimi niliyeshindwa, maana baba alinituma kazi moja tu.

Ndipo nikaona kile kitu kwenye waya wa taa.

Mwanzo nilidhani ni takataka iliyopeperushwa na upepo ikanasa: kifuko kirefu cha majani makavu, utando wa buibui, nyuzi za mfuko wa salfeti na kipande cha karatasi ya pipi. Kisha takataka ile ikatoa mdomo. Mdomo mwembamba uliopinda, halafu kichwa, halafu ndege mzima wa rangi ya majivu asiyezidi kidole gumba changu cha mguu kwa unene, akachomoka mbio kuelekea kwenye maua ya jirani. Kwetu tunamwita chozi, ndege anayefyonza utamu wa maua. Nilimjua kwa kumwona mbali. Sikujua kwamba anaweza kujenga mahali ambapo mtu akinyoosha mkono anamgusa.

Nilikuwa na simu mkononi kwa kuwa baba alikuwa ametoka kupiga. Nikapanda juu ya sanduku la spana, nikalenga, nikabonyeza. Picha ilitoka kiwingu, nusu yake ni paa la bati. Lakini kile kifuko kilionekana, na mlango wake mdogo wa duara wenye kijipaa juu, na ndani pamejaa kitu laini. Nikampelekea shangazi kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

Aliisogeza simu karibu kabisa na uso, karibu kuigusa na pua, akakaa nayo hivyo muda. Nikadhani macho yameharibika kwa kulia. Kisha akaweka ncha ya kidole pale penye ule ulaini wa kijivu wenye madoa meusi. "Pamba yake," alisema. "Hii pamba yake ya kufutia mikono." Kweli, chozi alikuwa ameiba nyuzi kutoka lile furushi la Mzee Mbaruku, pamoja na grisi yake, akawatandikia watoto. Shangazi aliendelea kuitazama picha, na mkono wake mwingine, bila mwenyewe kuuangalia, ukamega tonge la bada, ukachovya, ukapeleka mdomoni. Niliogopa hata kumeza mate asije akakumbuka kwamba yeye hali.

Basi nikajipangia kazi. Kila mlo na picha yake.

Asubuhi ya pili nilikuwa juu ya sanduku mapema, kipupwe kinanipiga mgongoni na kile kiota kinayumba. Nikasikia sauti kali fupifupi, tsii, tsii, akatua ndege mwingine kwenye waya. Jamani! Sikuwahi kuona kitu kile kwa karibu. Kichwa kijani, akigeuka kinakuwa buluu, kifuani amejifunga mshipi wa zambarau, na jua la asubuhi linammulika mwili mzima. Alikuwa na buibui mdogo mdomoni. Akaniangalia kwa jicho moja, akaona sina maana, akaingiza kichwa kiotani. Nikapiga picha yangu ya kwanza iliyotulia vizuri. Nikaruka chini, nikakimbia ndani kwa furaha, nikafika mlangoni pa chumba cha shangazi, nikasimama ghafla.

Alikuwa dume.

Mtacheka, na mna haki ya kucheka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mlango. Nilikuwa nimeambiwa mwanamume asiye maharimu asipite, na huyu hakuwa ndugu yetu kwa upande wowote, na alikuwa amevaa vizuri kupita hata wanaume wa Idi. Msiniulize kuhusu jogoo wa jirani aliyekuwa anashinda uani kwetu akiwika. Jogoo sikumfikiria. Nilirudi kinyumenyume, nikakaa barazani na ile picha, na kila nikitaka kuifuta nilishindwa, alikuwa mzuri mno. Nikaamua nitaiacha humohumo kwenye simu ila sitamwonyesha. Nikapanda tena sandukuni, nikangoja jike arudi, nikampiga yeye, nikapeleka hiyo.

Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida. Dume akija nilimwambia kwa sauti ya chini, "Pita kwa adabu, baba, humu mna mwenye eda," naye akalisha watoto akaondoka. Picha zake nilipiga kwa ajili yangu mwenyewe. Picha za jike nilipiga kwa ajili ya shangazi. Nilikuwa nashika simu mwenyewe, namwonyesha moja niliyoichagua, na zile nyingine nazipitisha haraka nimezifunika na kiganja. Shangazi katika dakika ile alikuwa akigeuza uso kutazama ukuta. Nikaona ni bahati yangu.

Siku moja, akiwa na tonge mkononi, aliniuliza, "Na baba yao je?"

"Hayupo," nikasema.

Alinitazama. "Haya," alisema. "Basi ni mwenzangu huyu." Akala lile tonge, akala na jingine, na kuanzia siku ile akawa anamwita yule ndege mwenzangu. Mwenzangu ameamkaje? Mwenzangu leo kaleta nini? Nami nikawa napeleka habari. Makinda walikuwa wawili. Mwanzo walikuwa nyama tupu, macho yamefumba, na midomo yenye kingo za njano inayofunguka mikubwa kuliko vichwa vyao. Kisha zikatoka sindano nyeusi mgongoni, na sindano zikapasuka zikawa manyoya.

Nilijifunza ile kazi mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kulisogeza sanduku kidogokidogo kila asubuhi ili jike anizoee. Nilizima mlio wa simu, nikazima na mwanga wake. Nilijifunza kubana viwiko mbavuni na kuachia pumzi taratibu, kubonyeza wakati mdomo wa mama unapoingia kwenye mdomo wa kinda, si kabla na si baada. Mgongo wangu ulikuwa unatazama njia, uso wangu unatazama kiota na lile pazia la maua ya njano nyuma yake. Watoto walipita njiani wakisema, "Yule wa Maramba anapiga picha balbu." Sikugeuka. Nilikuwa nikizungumza na wale ndege kwa matamshi yangu ya nyumbani, ambayo pale hakuna aliyeyataka. Niliwaambia kwamba mama hajapiga simu. Niliwaambia kwamba huenda kule wameshazoea nisipokuwepo, na kichanga kimepewa nafasi yangu kitandani. Nililia nikiwa pale juu ya sanduku, simu mkononi, na picha za siku hizo zimetikisika.

Kisha ikaja asubuhi ya kunguru.

Alitua kwenye waya kwa uzito wake wote, kiota kikaruka juu na chini, akakishika kwa kucha na kuanza kukichana. Nilipiga kelele. Nilirusha spana ikagonga bati, ikaangukia beseni. Yule jike mdogo akatoka wapi sijui, akamvaa kunguru usoni, akamrukia tena na tena, mpaka kunguru akakiacha kiota na kumfukuza yeye. Wakapita juu ya paa la jirani. Sikuona mwisho wake. Kunguru nilimwona baadaye juu ya nguzo ya umeme akisafisha mdomo. Jike hakurudi. Nilingoja mpaka jua likanichoma utosi, hakurudi, na ndani ya kiota kilichochanika upande mmoja makinda walikuwa wanalia kwa njaa.

Aliyekuja ni dume. Alikuja na mdudu, akarudi na mwingine, akarudi tena, amechakaa, hana hata muda wa kuniangalia. Nilimpiga picha, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kupiga. Na Bi Zuhura akaita kutoka jikoni kwamba chakula tayari.

Sijui kama mnakumbuka mlivyokuwa na umri ule, jinsi jambo moja linavyoweza kuwa dunia nzima. Nikimwambia shangazi kwamba mwenzake ameuawa, ataacha kula. Nikimwonyesha picha niliyonayo, nimempitishia mwanamume ndani ya eda, na sijui adhabu yake ni nini, kwake au kwangu. Nikimwambia sina picha, atauliza kwa nini. Niliingia chumbani, nikakaa kwenye mkeka, simu nimeificha chini ya paja. Sinia likawekwa. Shangazi hakugusa kitu.

"Leo mwenzangu vipi?" aliuliza kwa upole.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa nilichokipanga. Nilisema, huku nalia, "Shangazi, dume la ndege ni maharimu?"

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika nyumba ile, ikianza chini kama kikohozi, na nilipoinua uso shangazi alikuwa anacheka. Alicheka akajishika tumbo, akacheka akaegemea ukuta, kanga ikamdondoka kichwani, machozi yanamtoka. Bi Zuhura alikuja mbio na mwiko mkononi.

"Mwanakombo! Unacheka? Wewe una wazimu?"

"Wifi," shangazi alisema akihangaika kupata pumzi, "tumeingiliwa na mwanamume."

Lo! Bi Zuhura aliinua mwiko, akajitanda mtandio kwa mkono mwingine, akatazama nyuma ya mlango, akafunua shuka la kabati, akachungulia mvunguni. "Yuko wapi? Yuko wapi, mwanaharamu?" Shangazi akazidi kucheka. Ikabidi nitoe simu. Bi Zuhura aliitazama ile picha, yule ndege mwenye mshipi wa zambarau, manyoya yamemsimama, na makinda wawili mdomo wazi mbele yake. "Huyu?" aliuliza. "Huyu ndiye mwanamume?" Akaanguka kitako kwenye mkeka, akacheka na yeye, yule mama mkali, akacheka mpaka kicheko kikageuka. Akaanza kumlilia kaka yake kwa jina. Shangazi akamshika, nami nikajiingiza katikati yao, na wote watatu tukalia juu ya lile bada mpaka likapoa.

Tulipotulia niliwaeleza habari ya kunguru. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa. Alichukua simu, akaisogeza karibu na uso kama kawaida yake, akakaa nayo. "Masikini," alisema. "Sasa kafiwa yeye." Kisha akamega tonge. "Lakini umemwona, mama? Yuko nje, anahangaika na watoto. Wanaume hawakai eda. Hata wa ndege." Bi Zuhura akasema astaghfirullahi, lakini alikuwa anatabasamu. Shangazi akala akamaliza, na kwa mara ya kwanza mimi nikakosa cha kumalizia.

Yule dume aliwalea peke yake. Sasa nilikuwa na ruhusa, nikapeleka picha zake zote mpya, na shangazi akawa anamsalimia, "Shemeji hajambo?" Asubuhi moja nikapanda sandukuni nikakuta kiota kitupu. Nilitia kidole kwenye ile pamba, ilikuwa baridi. Niliingia ndani mikono mitupu na hofu yangu ya zamani, nikasema wameruka. Shangazi alinivuta karibu. "Haya," alisema. "Leo tutakula bila picha." Akala.

Baba alikuja kunichukua shule zilipokaribia kufunguliwa. Shangazi aliniaga akiwa ndani, mlango umerudishwa nusu, nikaona mkono wake tu ukipunga. Eda ilipoisha alibaki palepale Makorora, akawa anauza vitumbua kwenye ile baraza. Waya hakuugusa. Nilipomtembelea nikiwa sekondari nilimuuliza mbona gizagiza hapa, kwa nini hatii balbu. Akanijibu bila kunitazama, "Kesho nitaitia," na tukacheka. Kisha nikaanza maisha yangu, na nyinyi mnajua mambo yanavyokuwa, nikawa napiga simu siku za Idi. Mwaka huu, baada ya mvua za masika, tulimzika. Simu ya Mzee Mbaruku tuliikuta kwenye sanduku la nguo la shangazi, imeviringwa kwenye kipande cha kanga iliyopauka, na ndani ya mkunjo mlikuwa na karafuu mpya. Alikuwa anazibadilisha. Hapo ndipo nilipojua kwamba macho yake hayakuwa na ubovu wowote, na kwamba alipoileta simu puani alikuwa anamnusa mumewe, katika miezi ambayo hakuruhusiwa harufu nyingine.

Fundi aliniita. Picha zilikuwa zimefunguka kwenye kompyuta yake, kubwa, wazi kuliko nilivyowahi kuziona kwenye kile kioo kidogo chenye ufa. Alizipitisha moja moja huku anasifu, "Dada, ulikuwa hatari, ulikuwa na umri gani?" Jike na mdudu. Makinda na sindano zao. Kisha tukafika kwa dume, picha ile ya kwanza kabisa, niliyokimbia nayo nikasimama mlangoni.

"Hapa nyuma kuna mtu," alisema fundi.

Nyuma ya kiota, kwenye dirisha, pazia la maua ya njano lilikuwa limefunuliwa pembeni. Vilionekana vidole vitatu visivyo na hina, na nusu ya uso. Nikamwambia apitishe nyingine. Alikuwepo. Nyingine, alikuwepo. Katika picha za dume, katika picha za jike, katika zile zilizotikisika, alikuwepo. Asubuhi ya kunguru pazia limefunguliwa lote na ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Alimwona dume tangu siku ya kwanza. Aliniona ninavyomwambia apite kwa adabu. Alijua kilichompata mwenzake kabla sijaingia na sinia halijawekwa, akaniuliza tu kwa upole, akangoja nitue mzigo wangu mwenyewe.

Nilimwomba fundi akuze ule uso. Nilifikiri nitakuta anamtazama yule ndege, maana nani asingemtazama. Fundi akakuza, ukawa na chengachenga, lakini jicho lilionekana linakoelekea. Halikuwa kwa ndege. Lilikuwa linatazama moja kwa moja kwenye kamera, kwa mtoto aliyesimama juu ya sanduku la spana akiongea peke yake. Baba alinituma nikamwangalie shangazi ale, na mimi kwa miaka yote hii nimejisifu kimoyomoyo kwamba niliiweza kazi ile. Nilidhani hapakuwa na mtu anayenisikia nikilia. Pazia lile lilikuwa hatua moja tu kutoka nilipokuwa nimesimama, na yeye, na msiba wake wote, na sheria zote za Bi Zuhura, alikuwa analifunua kila asubuhi.

Nilikaa pale nikilia mbele ya kijana wa watu, ambaye hakujua aangalie wapi. Nilitamani kumpigia mtu mmoja tu simu, nimwambie nimekuona, na mtu huyo hakuwepo tena.

"Hii ya dume ndiyo kali," alisema fundi baada ya muda, kwa sauti ya kunibembeleza. "Nikutolee kubwa, utundike? Ila hili dirisha nyuma linaharibu. Ngoja nilikate, abaki ndege peke yake."

"Ndege mkate ukitaka," nikamwambia. "Dirisha usiliguse."